Mashine Iliyonyamaza Kabla ya Magharibi

USHIRIKA WA KOKWA, GITEGA NA MUYINGA

Kumbukumbu za kikao maalumu kilichofanyika Jumapili, tarehe 21 Aprili 2024, uani kwa Mama Zohra, Gitega, baada ya swala ya Alasiri.

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Abubakari, fundi cherehani – Mwenyekiti
2. Bi. Zuena – Katibu
3. Bi. Mwajuma, muuza matunda wa Buhinyuza – Kiongozi wa tawi la Muyinga
4. Bw. Houssein – Fundi wa mashine
5. Mwalimu Uthmani, wa madrasa – Mshauri
6. Mama Zohra, mjane wa marehemu Bahadurali – Mwenye mashine na mwenye uwanja

MWALIKWA
Bw. Hassanali, mfanyabiashara wa Bujumbura, mtoto wa Mama Zohra

ASIYEHUDHURIA
Bw. Kassimu – Mweka Hazina. Udhuru: yuko kwenye foleni ya mazutu (dizeli).

Izingatiwe kwamba wajumbe wote walikuwa wamefunga. Maneno makali yatakayoonekana humu yasomwe kwa kukumbuka hilo.

KUMB. NA. 1/4/24: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua na kuahidi kwamba atasema maneno machache. Wajumbe waliitikia "Inshallah" kwa sauti ambayo Mwenyekiti alisema haikumpendeza.

Alieleza kwamba leo mtaa mzima unalipa ile siku ya Ramadhani iliyoharibiwa na mashine, na leo hiyohiyo mashine inajaribiwa tena. Aliwakumbusha wajumbe makubaliano yaliyofikiwa baada ya Idi baina ya Mama Zohra na mwanawe. Mashine ya kusaga unga ikiwashwa leo alasiri na kuendeshwa kwa mafuta ya ushirika mpaka Magharibi bila kuzimika, Mama Zohra atabaki Gitega. Ikizimika kabla, kesho asubuhi mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja kutoka mjini Ngozi kuibeba, na Mama Zohra atapanda gari la mwanawe kwenda kuishi Bujumbura.

Mama Zohra aliulizwa kama bado anakubali. Alijibu, "Mi nilishasema," akaendelea kukata vitunguu vya sambusa. Mwenyekiti aliomba vitunguu hivyo vikatiwe mbali kidogo na meza ya kikao. Ombi halikukubaliwa.

KUMB. NA. 2/4/24: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Kumbukumbu zilisomwa na Katibu. Mwenyekiti alitaka maneno "Mwenyekiti alihutubia kwa muda mrefu sana" yafutwe, kwa kuwa yanaharibu sura ya uongozi. Katibu alieleza kwamba huko Kigoma alikokulia na kusomea, kazi ya katibu ni kuandika kilichotokea. Bi. Mwajuma alisema, "Zuena, we na Kigoma yako! Futa tu, bwana. Tulikuwepo, hatuwezi kusahau."

Iliafikiwa kwamba kumbukumbu zilizopita zibaki na neno "alihutubia" tu. Hayo maneno mengine yamehifadhiwa hapa.

KUMB. NA. 3/4/24: SIKU ILIYOLIWA

Kwa faida ya Bw. Hassanali, ambaye habari hizi alizipata kwa simu na kwa vipande, Mwenyekiti alieleza mambo yalivyokuwa.

Mashine ya Mama Zohra ni ya dizeli. Marehemu Bahadurali aliileta kupitia Kigoma miaka ya mwanzo ya uhuru, na kelele yake inameza adhana. Kwa hiyo kila Ramadhani marehemu alikuwa akisimama karibu nayo jua likikaribia kuzama, na ukifika wakati anaizima ili watu wamsikie muadhini. Miaka ilivyokwenda watu waliacha kumsubiri muadhini. Mashine ikinyamaza, mtaa mzima unasema bismillahi na kunyoosha mkono kwenye tende. Watoto waliozaliwa humu mtaani walikua wakijua hivyo, na hata saa za ukutani zilirekebishwa kwa kunyamaza kwake.

Halafu ikaja miaka hii ya foleni. Mazutu ikakosekana, mashine ikasimama, watu wakawa wanabeba mahindi kichwani kwenda kusaga mbali. Ndipo ushirika ulipoundwa. Tawi la Gitega linakusanya huko Gishubi maparachichi yaliyoiva kupita kiasi, ambayo wanunuzi wameyakataa. Nyama yake inakaushwa na kukamuliwa mafuta, kokwa zake zinakaushwa na kuwa kuni za kazi hiyo. Tawi la Muyinga linapasua kokwa za maembe na kukamua kiini chake.

Siku ya uzinduzi ilikuwa ndani ya Ramadhani. Mwenyekiti alimimina mafuta ya matawi yote mawili katika tangi moja, kama ishara ya umoja. Mashine iliwashwa, wanawake walileta mahindi, unga ukatoka, na Mwenyekiti akahutubia. Mvua ilianza kunyesha akiwa bado anashukuru wageni. Wingu lilikuwa zito, jua halikuonekana liko wapi. Mashine ikakohoa, ikanyamaza.

Mtaa mzima ulikula.

Muadhini aliadhini kwa wakati wake halali. Watu walimsikia wakiwa kwenye kikombe cha pili cha uji.

Mjadala ulizuka kuhusu nani alianza. Fundi Houssein alisema yeye alikuwa chini ya mashine anatafuta kosa, aliposikia Mwenyekiti anasema bismillahi nyuma yake. Mwenyekiti alikiri kula tende moja. Bi. Mwajuma alisema, "Tende moja na sambusa ngapi? Mi nilikuwa nimeshika hiyo sahani." Mwenyekiti alisema kwa uchungu, "Kwani mi nilijua? Tangu mtoto, ile mashine ikinyamaza, mkono yangu inakwenda yenyewe!"

Mwalimu Uthmani alirudia yale aliyokwisha kusema msikitini, kwamba aliyekula akidhani jua limezama, kisha ikabainika bado, atalipa siku moja, wala hana haja ya kutafuta mtu wa kumlaumu. Aliulizwa kama yeye pia analipa. Alijibu kwamba swali hilo haliko kwenye ajenda.

KUMB. NA. 4/4/24: TAARIFA YA FUNDI

Fundi Houssein alieleza kwamba aliufungua mrija wa mafuta na kukuta kitu cheupe kimeganda ndani, mfano wa samli. Alisema mafuta ya maparachichi hayakuganda. Yaliyoganda ni ya kokwa za maembe.

Mwenyekiti alisema Gitega haikutaka kusema, lakini kwa kuwa fundi amesema, basi.

Bi. Mwajuma aliomba nafasi, akasimama kabla hajapewa. Alisema: "Mafuta yangu ilitoka Buhinyuza iko maji kabisa. Kule kwetu jua inawaka, ata ukiacha usiku haigandi. Imefika hapa Gitega kwa baridi yenu, ikaganda. Sasa kosa iko ya mafuta ao iko ya Gitega?" Aliongeza kwamba ingekuwa hotuba ilikuwa fupi, mashine ingemaliza kusaga kabla ya mvua, mrija usingepoa, na Waislamu wa watu wasingekula mchana. Alisema pia kwamba yeye alisafiri juu ya lori la vitunguu mpaka hapa, hakuja kusikiliza mafuta yake yakitukanwa.

Mwenyekiti alijibu kwamba kila uzinduzi una hotuba. Bi. Mwajuma alijibu kwamba kila hotuba ina mwisho. Katibu aliwaomba wajumbe waseme mmojammoja, kwa kuwa ana mkono mmoja wa kuandikia.

Fundi aliombwa aseme wazi kosa ni la nani. Alisema, "Donc, mafuta ya embe iko na kosa yake, baridi iko na kosa yake, na hotuba nayo, quand même, iko na kosa yake." Alieleza kwamba ametengeneza mambo mawili. Kwanza, jiko la makaa litakaa chini ya tangi ili mafuta yasigande. Pili, mashine haitawashwa tena kwa mafuta ya matunda ikiwa baridi. Itawashwa kwa mazutu kidogo, ikishapata moto wake ndipo inahamishiwa mafuta ya ushirika. Bado mrija unapita mahali penye upepo, na hapo hana la kufanya ila kuomba mvua isije.

Mwenyekiti aliuliza hiyo mazutu kidogo iko wapi. Fundi alisema inasubiriwa kwa Bw. Kassimu, ambaye yuko kwenye foleni. Mwenyekiti aliuliza foleni imefika wapi. Ilielezwa kwamba Bw. Kassimu alipiga simu na kusema kwamba kituo anakiona.

KUMB. NA. 5/4/24: MAMA ZOHRA KUHAMA

Mwalikwa, Bw. Hassanali, alipewa nafasi. Alishukuru ushirika kwa juhudi zake. Alisema anajua watu wanamwona yeye ndiye adui, kuanzia dukani mpaka msikitini, na kwamba jana mtu alimsalimia "Karibu, bwana wa vyuma chakavu." Mwenyekiti alisema huo ulikuwa utani. Bw. Hassanali alisema anajua, kwa kuwa aliyemsalimia hivyo ni Mwenyekiti.

Kisha alisema: "Mwezi wa pili Mama alianguka bafuni. Bega likateguka. Alilala pale sakafuni mpaka asubuhi, muuza maziwa akamsikia. Mi niko Bujumbura, sikujua. Nyinyi mko hapa, ukuta kwa ukuta. Mlikuwa wapi?"

Katibu, ambaye nyumba yake inapakana na bafu hilo, aliliandika swali kama lilivyo.

Bw. Hassanali aliendelea kwamba yeye hana shida na mashine. Amekulia kwenye kelele yake, na alipokwenda kusoma mbali alikosa usingizi kwa ukimya. Ila mashine haiwezi kumwinua mtu aliyeanguka. Kule Bujumbura kuna chumba cha Mama, kuna mke wake yeye Hassanali, kuna wajukuu, na milango inayofungwa vizuri.

Mwenyekiti alimwomba Mama Zohra aseme. Mama Zohra aliweka kisu chini.

Alisema mtoto wake ana haki na hana ubaya. Alisema Bujumbura ni joto, lakini joto si neno. Alisema: "Mashine ikiwa inasaga, hapa hodi haikauki. Huyu ameleta mahindi, huyu amekuja kuchukua unga, huyu anangoja zamu na mtoto mgongoni, tunapiga domo. Ningeanguka mi wakati ule, wangeniokota kabla sijafika chini. Mashine imenyamaza, hodi nayo imekwisha. Sikulaumu mtu. Mtu ataingia kwangu kufanya nini? Kunitazama?"

Alisema pia kwamba ile siku watu walipokula mchana, walikuja wote kwake kwa hasira, uwanja ukajaa mpaka mlangoni, kila mtu anafoka, huyu anauliza jua liko wapi, huyu anauliza nani atamlipia siku yake. "Na mi nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana. Nilikuwa nimesahau uwanja yangu inafanana aje ikiwa na watu."

Mwenyekiti, kinyume cha kawaida yake, aliita ajenda inayofuata bila hotuba.

KUMB. NA. 6/4/24: MAZUTU YA KUWASHIA

Simu ya Bw. Kassimu ilipokewa. Aliarifu kwamba mazutu imekwisha akiwa amebakiza magari machache, na kwamba anarudi na mabido (madumu) yake matupu.

Bw. Hassanali alisema, kwa sauti ya upole, kwamba basi hakuna namna. Alisema anasikitika. Alisema afadhali Mama aanze kufunga mizigo kabla ya futari.

Mama Zohra alisema mazutu ipo. Alimwonyesha Fundi kwa kidevu. Fundi Houssein, bila kumtazama mtu, alitoa bido chini ya benchi alilokalia.

Bw. Hassanali aliuliza imetoka wapi. Fundi alisema aulizwe mwenye nyumba. Mwenye nyumba alieleza kwamba imetoka kwenye gari lililoegeshwa uwanjani kwake, na ilinyonywa wakati mwenye gari akiswali Alasiri.

Bw. Hassanali alisimama. Alisema, "Mama! Hiyo ndiyo ya kutufikisha Bujumbura!" Mama Zohra alijibu, "Najua, baba. Ndiyo sababu."

Bw. Hassanali alimgeukia Mwalimu Uthmani na kutaka aseme kama ni halali mtu kuchukuliwa mali yake hivihivi, tena akiwa anaswali. Mwalimu alisema suala la mama na mali ya mwanawe lina maelezo marefu, na yeye amefunga. Bw. Hassanali alimgeukia Katibu na kutaka iandikwe kwamba anapinga. Imeandikwa.

Mwenyekiti aliuliza kama imechukuliwa yote. Fundi alisema Mama alisema kidogo, lakini yeye alifikiri ya kuwashia na ya kuzimia, na ya akiba, na baada ya hapo hakuona sababu ya kubakiza.

Bw. Hassanali alikaa. Baadaye alicheka, ingawa alijaribu kuficha. Alisema, "Bon. Washeni tuone. Ila makubaliano ni yaleyale. Ikizimika, imezimika."

Fundi alishika hendeli, Mwenyekiti akashika gurudumu, na baada ya kuzungusha na kutweta, mashine iliwaka. Sahani za sambusa zilitetemeka mezani. Nje ya ukuta ilisikika sauti ya mwanamke akipiga kigelegele. Ilipopata moto, Fundi aliihamishia mafuta ya ushirika. Ilisitasita kidogo, ikakubali. Moshi wake ulinukia kitu cha kukaangwa, na wajumbe wote, pamoja na Mwalimu, waligeuza nyuso upande mwingine.

Kuanzia hapa kikao kiliendelea kwa kupiga kelele. Kama kuna neno lililoandikwa sivyo, mjumbe ajilaumu kwa kutopaza sauti.

KUMB. NA. 7/4/24: MENGINEYO

(a) Bi. Mwajuma alileta ombi la akina mama wa Gasorwe kujiunga na ushirika kwa mbegu za papai. Mwenyekiti aliuliza kama mafuta ya papai yanaganda. Bi. Mwajuma alisema wamejaribu Gasorwe kwenyewe, na Gasorwe si joto. Hayagandi. Ombi lilikubaliwa, kwa sharti kwamba hakutakuwa na uzinduzi.

(b) Fundi alitoa onyo kwamba upepo umeanza na wingu linakusanyika upande wa magharibi, kama siku ile. Wanawake waliokuwa wanasubiri zamu na mabeseni ya mahindi walijisogeza ukutani. Hakuna aliyeondoka.

(c) Bi. Mwajuma alisema ana jambo ambalo linamkera tangu alasiri. Alisema: "Sisi kule Buhinyuza, mtu akinyamaza, tunakwenda kuuliza. Nyinyi wa Gitega mkisikia kimya, mnakula." Mwenyekiti alisema hayo ni matusi. Mwalimu Uthmani alisema hapana, hayo ni kweli, na mjumbe aendelee. Bi. Mwajuma alipendekeza kwamba kuanzia leo, mashine ikinyamaza, iwe wakati wake au isiwe, iwe Ramadhani au isiwe, mtu asile kitu kabla hajafika kwa Mama Zohra kumwona yuko mzima. Mwenyewe aseme jua limezama, ndipo watu wale.

Mwenyekiti aliuliza watu wote waje? Mtaa mzima? Bi. Mwajuma alisema ndiyo, kwani walipokuja kugomba hawakuja wote?

Katibu aliunga mkono pendekezo hilo. Alieleza kwamba ukuta wake na bafu la Mama Zohra ni mmoja, na hana zaidi ya hapo la kusema. Pendekezo lilipita. Watoto walitumwa mitaani kutangaza nyumba kwa nyumba.

(d) Wakati wa kuandika (c), mashine ilikohoa.

Kila mtu alisimama. Fundi alikimbilia tangi, akakuta jiko la makaa liko sawa na mafuta yako moto. Kosa lilikuwa kwenye mrija, pale penye upepo, na mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Mashine ilikohoa tena, ikapunguza mwendo. Gurudumu likaanza kuonekana spoki zake moja moja. Mama Zohra hakunyanyuka. Alikuwa ameshika kitambaa cha sambusa kwa mikono miwili, anaangalia meza.

Fundi alipiga kelele kwamba anataka kitu cha kufunika, nguo yoyote, upesi. Mwenyekiti, ambaye ni fundi cherehani, alianza kuuliza nguo ya namna gani.

Bw. Hassanali alivua koti lake la suti. Alipita katikati ya wajumbe, akapiga magoti kwenye tope, akauzungushia mrija koti hilo na kulikumbatia kwa mikono yote miwili, uso ukiwa karibu na bomba la moshi. Alikaa hivyo. Mvua ilimnyeshea yeye, haikuunyeshea mrija.

Mashine ilikohoa mara moja tena, halafu ikavuta pumzi na kurudi kwenye mwendo wake.

Wa kwanza kusema alikuwa Mama Zohra. Alisema, "Hilo koti mi ndiye nilikununulia." Bw. Hassanali alijibu, bila kuachia mrija, "Najua, Mama. Ndiyo sababu."

Mwenyekiti alitaka kujua, kwa ajili ya kumbukumbu, kama kukohoa ni kuzimika. Aliyepaswa kunufaika na jibu hilo ni mwalikwa, kwa hiyo aliulizwa yeye. Bw. Hassanali alisema, "Andika mashine haikuzimika." Imeandikwa.

(e) Bw. Kassimu alifika na mabido matupu. Alipopewa habari ya gari, alimwambia Bw. Hassanali kwamba nafasi yake kwenye foleni bado ipo, ameiwekea jiwe, na akiitaka anaweza kumwachia. Bw. Hassanali alishukuru, akasema hana haraka. Aliomba mtu amshikie simu sikioni, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, akamwambia mnunuzi wa Ngozi asipoteze mafuta kuja.

KUMB. NA. 8/4/24: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alisimama kufunga kikao kwa maneno machache. Fundi alimwonyesha wingu. Mwenyekiti alikaa.

Mvua ilikuwa imekatika. Jua lilipokaribia kuzama, Mama Zohra alimwambia mwanawe kwamba bega lake haliwezi tena kishikio cha kuzimia, na kwamba baba yake alikuwa akisimama palepale kila siku wakati kama huu. Bw. Hassanali aliachia mrija, akaenda kusimama palepale, na shati lake lilikuwa na masizi mpaka shingoni. Fundi alirudisha mashine kwenye mazutu ili ioshe mrija wake kabla ya kulala. Katibu alitumwa mlangoni kuangalia magharibi, na aliangalia kwa makini.

Jua lilizama. Bw. Hassanali alizima mashine.

Kukawa kimya. Adhana ilisikika vizuri kutoka msikitini. Katibu anathibitisha kwamba katika uwanja huu hakuna mkono uliokwenda kwenye tende, ingawa mkono wa Mwenyekiti ulitikisika. Mtaani pia hakukusikika kijiko wala kikombe. Kilichosikika ni ndala kwenye tope, nyingi, kutoka kila upande. Kisha mlangoni, kwa sauti za wakubwa na watoto, zikipandana:

"Hodi! Hodi, Mama Zohra! Hodi!"

Mama Zohra alijifuta uso kwa kitambaa cha sambusa na kusema ni vitunguu, ingawa vitunguu vilikwisha kukatwa zamani. Alisimama, akaenda mwenyewe kufungua. Walikuwa wamejaa mpaka barabarani, kila mmoja ana tende yake mkononi, hakuna aliyekuwa ameitia kinywani. Aliwatazama mmojammoja kana kwamba anawapokea unga.

"Niko mzima," alisema. "Kuleni."

Kikao kilifungwa kwa neno hilo.

Imethibitishwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

Abubakari, Mwenyekiti (sahihi)

Zuena, Katibu (sahihi)

Doa lililo juu ya sahihi ya Mwenyekiti ni la sambusa. Alitia sahihi baada ya Magharibi.